Majibu Yalikaa Kabatini Siku 14

Desemba ndipo Baba alipoanza kusukumia ugali kwa maji. Sote tulimwona. Akimeza tonge anafuatisha kikombe, kisha ananyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza kitu kifuani. Mama alisema ni vidonda vya tumbo. Zahanati nako wakasema ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa za kupunguza asidi, akazimaliza, akapewa nyingine. Kufikia Mei 2025 alikuwa amebaki na uji, viazi vya kupondwa na mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, na mshipi wake ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Siku moja daktari kijana akamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mzee, chakula kinakwama wapi? Nionyeshe kwa kidole." Baba akaweka kidole katikati ya kifua. Siku hiyo hiyo tukaandikiwa barua ya rufaa, tukatoka Londiani kwenda Nakuru.

Kama uko na mgonjwa ambaye chakula kinamkwama, anza hapo. Usikubali miezi mitano ya vidonge kabla kamera haijaingia ikaona kilichoko. Mengine ninayoyaeleza hapa niliyajua kwa kukosea, na makosa hayo yalitugharimu siku 14 pamoja na zaidi ya shilingi 18,000.

Tuliingia Nakuru Jumanne tarehe 3 Juni na kufikia kwa binti ya shangazi yangu, mtaa wa Free Area. Ana vyumba viwili, watoto wanne na moyo mkubwa. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna aliyetupa jembe, lakini Baba mwenyewe ndiye aliyeshindwa. Mate yalikuwa hayashuki vizuri, kwa hiyo usiku kucha alikuwa akiyatema kwenye mkebe wa majani ya chai, na watoto wamelala hatua mbili kutoka alipo. Alikuwa akiufunika ule mkebe kwa kitambaa na kuusukuma chini ya kiti kila mlango ulipofunguka. Usiku wa tisa akaniambia, "Mama, nitafutie mahali nitakapougua bila kuonwa na watoto." Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Wakati huo kipimo cha kamera kilikuwa kimeshafanyika, Jumanne tarehe 10. Wanampulizia mgonjwa dawa ya ganzi kooni, wanamchoma sindano ya usingizi mwepesi, kisha wanapitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera hadi ndani ya umio, yaani njia ya chakula. Tulilipa 12,000. Nilifanya kosa la kumpandisha boda mara tu alipofumbua macho. Pale mtaa wa Section 58 alianza kuinama upande mmoja kama gunia lisilofungwa vizuri, na mwenye boda ndiye aliyemshika kwa mkono wa nyuma huku akisimamisha pikipiki. Mtu aliyechomwa ile sindano akae angalau saa moja au mbili hospitalini, arudi nyumbani kwa gari au tuktuk, mtu akiwa amemshika. Na asipewe chai kabla ganzi haijaisha kooni, kwa maana itamwunguza bila yeye kusikia.

Kabla hatujaondoka nilikabidhiwa kichupa. Mkoani kwetu na kwingineko Kenya ni jambo la kawaida jamaa wa mgonjwa kubeba sampuli mwenyewe hadi maabara, na mimi sikujua. Kilikuwa kichupa cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, kimefungwa plasta nyeupe yenye jina la Baba na namba ya faili kwa kalamu ya bluu. Ndani kulikuwa na maji ya formalini, na ndani ya maji vipande sita, kila kimoja kama punje ya mchele iliyovunjika. Baba alikishika, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa taratibu. "Hivi ndivyo vinavyoninyima ugali?" Sikuwa na jibu. Nilikishika wima mapajani njia nzima, mkono mmoja juu ya kifuniko.

Ukipewa kichupa cha namna hiyo, soma plasta kabla hujatoka: jina lote, namba, mahali nyama ilipotolewa, tarehe. Linganisha na karatasi ya daktari. Kipeleke siku hiyo hiyo, na uandike kwenye daftari lako jina la aliyekipokea. Kule ndani vipande vinafungwa kwenye nta, vinakatwa vyembamba kuliko karatasi, vinatiwa rangi, kisha daktari wa patholojia anavitazama kwa hadubini. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja, na wala si uzembe. Waliniambia wiki moja hadi mbili, nikalipa 3,500.

Kisha wakaniuliza namba ya simu. Yangu ilikuwa imezima chaji tangu asubuhi, na aliyekuwa akituma pesa za matibabu ni kaka yangu, basi nikaandika ya kaka yangu. Kaka yuko shambani Londiani, na kwake mtandao unapatikana ukipanda hadi uwanja wa shule. Sikuliwazia hilo hata kidogo. Nilikuwa namwaza Baba aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje, kichwa kimeinamia ukutani.

Alhamisi tarehe 12 nikapata chumba, gorofa ya tatu, shilingi 5,000 kwa mwezi na 5,000 dipoziti. Nilikichukua kwa dakika kumi. Kilikuwa kisafi, kimepakwa rangi juzi, na dirisha linatazama mlima Menengai. Nilimlipa keateka, yaani msimamizi wa jengo, kwa M-Pesa kabla sijafungua hata bomba. Bomba lilikuwa kavu. Maji ya jengo lile yalikuja Jumanne na Ijumaa alfajiri, chini uani, na anayeishi juu anabeba mwenyewe. Ngazi zilikuwa 48. Nazijua kwa sababu Baba alizihesabu kwa sauti kila tulipotoka kliniki: 16, anapumzika, 32, anapumzika, na kwenye pumziko la pili macho yanabadilika rangi. Ukienda kutafuta nyumba ya mgonjwa, nenda naye kama anaweza, apande hizo ngazi yeye mwenyewe kabla hujatoa shilingi. Uliza maji yanakuja siku gani na yanafika gorofa gani. Choo kiko wapi, na usiku kuna taa? Tokeni za stima ni zako peke yako au mnachangia mita? Uliza pia notisi ya kuhama ni ya muda gani, na uandikiwe. Mimi sikuandikiwa, na tulipohama kabla mwezi haujaisha dipoziti ilibaki kwa mwenye nyumba. Alidai notisi ya mwezi mzima, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Lakini kulikuwa na kosa kubwa kuliko la nyumba. Nilikaa kwenye chumba kile kama msafiri aliye stejini. Begi la nguo halikufunguliwa. Sufuria moja, vikombe viwili, godoro sakafuni. Kila siku nilijiambia majibu yatatoka kesho, daktari atatupa dawa, tutarudi nyumbani, kwa hiyo ninunue meza ya nini? Baba alikuwa akilala chali sakafuni, na kila alicholazwa nacho tumboni kilipanda usiku kikamkaba. Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyeniambia kichwa cha kitanda kiinuliwe. Nikanunua kitanda cha mbao cha mtumba kwa 1,800, nikaweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya upande wa kichwani. Usiku ule alilala saa tano mfululizo. Nilikaa macho nikimsikiliza anavyopumua, nikawa na hasira na zile siku zote nilizomwacha sakafuni eti tuko njiani.

Tangu hapo nikakaa kama mtu anayekaa. Nilinunua blenda ya 2,500, na hicho ndicho kifaa nilichokitumia kuliko vyote: parachichi na maziwa, viazi na supu ya mifupa, uji wa wimbi uliochanganywa siagi ya njugu, mayai yaliyoiva ndani ya supu ya viazi. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku, akiwa ameketi wima na asilale kabla ya saa moja kupita. Kila Jumamosi tulimpima uzito kwenye duka la dawa, nikaandika. Daktari aliniuliza tarakimu hizo kila tulipokutana, na mara nyingi hizo ndizo zilizomfanya akazie macho faili letu. Nilinunua blanketi zito pia, maana Juni na Julai Nakuru baridi inaingia kwenye mifupa, sembuse kwa mtu aliyebaki na kilo 51. Na maji ya kunywa nikawa nanunua yaliyosafishwa. Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, ndiyo sababu unaona watu wengi waliokulia hapa meno yao yana rangi ya kahawia. Jirani alinieleza hilo siku ya kwanza aliponiona nikichota.

Wiki mbili za maabara ziliisha tarehe 24 Juni. Tarehe 25 ilikuwa siku ya maandamano, maduka ya mtaani yakafungwa, sikutoka. Tarehe 26 ningeweza kwenda. Tarehe 27 pia. Sikwenda.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu nadhani si mimi peke yangu. Nilikuwa na kisingizio kizuri: walisema watapiga simu, hawajapiga, basi hayajatoka. Lakini nilipita mbele ya jengo lile mara tatu nikienda sokoni, na mara zote tatu nilivuka barabara nikatembea upande wa pili. Simu isipolia, Baba alikuwa bado hana kansa. Nilikuwa naongeza siku za kutojua, na nilizihesabu kama siku za neema. Na jioni jamaa wanapiga, mmoja baada ya mwingine, hadi saa nne usiku: "Mmeambiwaje?" Namjibu kila mmoja kwamba tunangoja. Baba anasikia jibu lile mara saba kwa usiku mmoja.

Alhamisi tarehe 3 Julai yeye ndiye aliyevaa koti asubuhi. Akaniambia, "Twende tukaulize. Mnaninyamazia kama mtoto." Kwenye dirisha la maabara msichana alitaja jina lake, akafungua kabati ya chuma nyuma yake, akatoa bahasha ya kaki. Haikumchukua dakika mbili. Juu ilikuwa na tarehe: 19 Juni. Walikuwa wamepiga namba ya kaka mara mbili, haikupatikana. Ile bahasha ilikaa kabatini siku 14, nami nilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Niliketi kwenye benchi nikalia mbele ya watu. Baba akaichukua mkononi mwangu, akaikunja mara moja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. "Daktari ataisoma. Inuka."

Kwa hiyo: andika namba mbili, na zote ziwe za watu walio mjini na simu zenye chaji. Uliza siku kamili ya kurudi, na siku hiyo uende, simu ilie isilie. Kwa habari ya jamaa, tulifanya kundi moja la WhatsApp, kaka akipanda pale uwanja wa shule saa mbili usiku anaandika habari za siku, na hakuna anayempigia Baba kumwuliza ugonjwa. Wanampigia kumwuliza habari za ng'ombe. Anapenda sana.

Daktari aliisoma mbele yake. Alimwuliza kwanza, "Mzee, ungetaka nikueleze wewe au nimweleze binti?" Baba akasema, "Mimi ndiye ninayeumwa." Ilikuwa kansa ya umio, ile aina inayoanzia kwenye ngozi ya ndani ya njia ya chakula, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi pande zetu za Bonde la Ufa. Alimwuliza kuhusu sigara, pombe, na chai. Kuhusu chai Baba alisema chai iliyopoa si chai. Daktari akamweleza kwamba mwaka 2016 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyopita nyuzi 65, kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa ya umio. Akasema pia hakuna awezaye kusema kwamba ni chai iliyomletea yeye. Nilishukuru kwa hilo, kwa sababu chai ile Mama ndiye aliyeimimina miaka 40. Siku hizi nyumbani wanamimina, wanaacha kidogo, ndipo wanakunywa.

Kilichofuata ni skani ya CT, ili ijulikane ugonjwa umefika wapi. Tulirudishwa mlangoni mara ya kwanza kwa sababu hatukuwa na kipimo cha damu cha figo, ambacho kinatakiwa kwa sababu ya ile dawa wanayomchoma mtu mshipani ili picha ionekane vizuri. Uliza mapema, uende na jibu mkononi. Na skani yenyewe tuliilipa 13,500 taslimu, kwa sababu nilidhani Baba yuko chini ya SHA yangu, ile bima ya afya ya serikali. Hayuko. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, mzazi ni lazima ajiandikishe mwenyewe, na mtu asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba, mifugo na mali, kisha anakadiriwa, na analipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Baba alikadiriwa 5,400 kwa mwaka. Tulimwandikisha kwa *147# tukiwa pale pale kwenye foleni, wakati ilikuwa imeshachelewa kwa skani. Mwaka ule fungu la saratani lilikuwa 400,000 kwa familia, na likiisha kuna 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Bila hilo tungeuza shamba. Nakuomba, kama wazazi wako wako mashambani na hawajaandikishwa, fanya leo wakiwa wazima.

Wiki hiyo hiyo tukahama ngazi. Chumba cha pili alinitafutia mama anayeuza chai na mandazi karibu na lango la hospitali. Nilimweleza shida yangu nikiwa nakunywa chai, akapiga simu moja, na jioni nikawa naoneshwa chumba cha chini Langalanga, 4,000, bomba mlangoni, choo hatua sita. Wale kina mama wa langoni wameona wagonjwa kuliko keateka yeyote. Ningeanzia kwao.

Skani ilionyesha ini na mapafu ni safi, na tezi mbili karibu na umio zimevimba. Madaktari walikaa kikao wakaamua mionzi mara 28, siku tano kwa wiki, pamoja na kemo, yaani dawa za kuua kansa. Tarehe ya kuanza ilikuwa 18 Agosti. Wiki tano tena za kungoja, lakini safari hii begi lilikuwa tupu na nguo zimetundikwa kwenye misumari. Baba alipanda sukuma wiki kwenye magunia mawili mbele ya mlango. Majirani walidhani ndiye mwenye ploti.

Mionzi iliisha tarehe 24 Septemba. Wiki ya tatu na ya nne zilikuwa mbaya, koo lilimwunguza hata maji akayakataa, akalazwa siku nne akitiwa maji mshipani. Kisha likaanza kutulia. Katikati ya Oktoba, Jumapili, alinyoosha mkono akachukua kipande cha ugali kwenye sahani yangu, kidogo kama kidole gumba, akakitafuna muda mrefu sana. Nilishika kikombe cha maji tayari. Hakukitaka.

Skani ya marejeo ni Alhamisi. Majibu yake yanatoka Jumatatu saa nane mchana, nimeuliza, na namba yangu na ya jirani zote ziko kwenye fomu. Kipimo cha figo kiko ndani ya faili. Kodi ya mwezi ujao nimeshalipa.